Tabibu wa Mji wa Chumvi

Jumatatu, 3 Februari

Dada,

Simu yako haipatikani tangu walipozima minara ya huko, kwa hiyo tumerudi kwenye kalamu kama watu wa kale. Mimi sina malalamiko. Breki kasema lori lake linaondoka na unga wenu kesho, na kwamba dereva hamsubiri mshairi, kwa hiyo naandika juu ya mashine ya fotokopi huku inafanya kazi. Ndiyo maana mwandiko unatetemeka. Usidhani nimeanza kunywa.

Sasa sikia. Nimeanza kitabu. Usicheke. Kitabu kweli kweli, kina malkia, kina majeshi, kina mji wenye kuta unaitwa Mji wa Chumvi, na chini ya mji kuna kitu ambacho bado sijaamua kama ni joka. Unayakumbuka yale majuzuu ya ensaiklopedia ambayo shule ilitaka kuyachoma, nikayabeba kwa toroli ukanisema wiki nzima? Nimeyasoma yote, isipokuwa la H ambalo panya walinitangulia. Kuhusu Hanibali najua tembo wake tu, na hao nimewakuta kwenye T.

Yaani Dada, mambo yaliyotokea kweli yana wazimu kuliko ya kubuni. Kulikuwa na malkia wa Kushi, mwandishi mmoja wa zamani anasema alikuwa na jicho moja. Watu wake wakawavamia Warumi wakaondoka na sanamu za Kaisari Augusto. Kichwa kimoja cha shaba kikaja kuchimbuliwa chini ya ngazi za hekalu. Kilizikwa pale ili kila anayepanda kusali amkanyage Kaisari usoni. Nani anaweza kubuni kitu kama hicho? Halafu yale majitu ya jicho moja ya kwenye hekaya: wengine wanasema watu walichimba fuvu la tembo, wakaona lile tundu kubwa la katikati, pa mkonga, wakasema hili ni jicho. Kila uongo mzuri una mfupa ndani yake. Hiyo nimeitunga mimi, naiweka mwanzoni mwa kitabu.

Shida yangu ni hii. Mji wangu umezingirwa na mimi sijui mji uliozingirwa unanukaje. Wewe uko humo. Nipe vitu. Watu wanagombania nini? Mbwa wako wapi? Usiku wanaongea au wananyamaza?

Mama hajambo. Kila jioni namsomea sura moja akiwa kwenye cherehani, na wateja wanasikiliza. Kuna bibi harusi mtarajiwa gauni lake limeshaisha, anakuja anasema bado linambana ili apate kusikia malkia kafanya nini.

Mdogo wako,
Profesa


Jumanne, 11 Februari

Wewe Profesa,

Barua yako imefika imefunguliwa. Zote zinafunguliwa, na barabara ina vizuizi vya pande zote mbili, kwa hiyo una wasomaji wengi kuliko unavyojua. Mmoja amepiga mstari chini ya lile neno lako la mji, lenye "zingi" ndani yake, akaweka alama ya kuuliza. Breki aliwekwa juani pembeni ya barabara mpaka mkubwa wao alipokuja, akasoma barua nzima, akatoa uamuzi kwamba wewe ni mjinga tu, huna madhara. Mshukuru.

Kwa hiyo nakuomba, usiniulize mambo ya hapa, na mimi sitakwambia. Hospitali ipo, mimi nipo, nakula, nalala. Mwambie Mama hivyo hivyo.

Ila kitabu chako hakuna aliyenikataza kukizungumzia.

Una malkia, una majemadari, una joka la kufikiria. Huna mtu wa kufunga vidonda. Weka tabibu. Na usiniletee mzee mwenye ndevu nyeupe anayejua kila kitu. Weka mwanamke wa kawaida anayeumwa miguu. Halafu usianze na njaa, kila mtu anaanza na njaa. Anza na mafuta ya taa. Askari wa malkia waje kwa heshima zote, wayaazime, wasirudi. Basi tabibu anashona vidonda dirishani. Jua likihama, naye anahama na mgonjwa wake, wanavuta kitanda wanalifuata jua ukuta hadi ukuta. Bandeji zinafuliwa, zinaanikwa, zinafuliwa tena, mpaka zinakuwa laini kama nepi iliyolea watoto watatu.

Mbwa waliondoka mapema. Hakuna aliyewaona wakienda.

Wodini kuna mzee wa kuuza maji, goti lake limevunjika vibaya. Nimemsomea ile ya kichwa cha shaba akafurahi sana, ila anauliza huyo malkia hana mume? Nimemwambia mwandishi mwenyewe hana hata mchumba, atajuaje mambo ya ndoa.

Dada yako


Jumatatu, 17 Februari

Dada,

Umenimaliza. Tabibu amemmeza malkia. Wateja wa Mama hawataki tena kusikia habari za majemadari, wanauliza "yule wa dirishani" anaendeleaje. Bibi harusi kaleta na shangazi yake.

Nimerekebisha kidogo, kihistoria. Watu wa zamani wangewasha mafuta ya wanyama, kwa hiyo askari wangu wanachukua na mbuzi. Lakini ile ya kulifuata jua na kitanda nimeiacha neno kwa neno. Nilipoisoma Mama akasimamisha mguu kwenye pedali. Akaniuliza, "Hiyo umeitoa wapi?" Nikamwambia kanipa Dada, Dada ana kipaji kumbe. Akasema, "Hm." Akashona, akafumua, akashona tena pale pale. Nadhani ilimgusa.

Mzee wa Goti mwambie kwamba mume wa malkia aliliwa na kile kitu cha chini ya mji. Ndiyo kwanza nimeamua, kwa heshima yake.

Sasa tabibu ana tatizo moja: kazi anafanya, lakini hana mtihani. Mtu asipowekwa njia panda msomaji anamzoea, anamwona kama kiti. Mpe mtihani, wewe unamjua kuliko mimi. Mgumu, wa kumnyima usingizi.

Profesa


Jumatano, 26 Februari

Profesa,

Umetaka mtihani, chukua huu.

Wakubwa wa mji wameamua kutoka. Wanasema ni kwa muda, wanasema wanakwenda kuleta msaada. Wamekubaliana na pande zote mbili wapewe njia asubuhi moja tu. Nafasi kwenye magari ni ya wenye vyeo na matabibu. Wagonjwa wanaoweza kutembea watafuata nyuma kwa miguu. Wasioweza, hakuna aliyesema neno. Mkutano ukifika hapo watu wanakohoa.

Tabibu ana nafasi yake. Mkuu wake amemwambia, "Panda. Bila dawa utakuwa unawaangalia tu." Na ni kweli. Usimfanye mkuu mtu mbaya, amefanya kazi mpaka suruali inamdondoka. Lakini kuna mzee wa goti, kuna mama aliyepasuliwa juzi kutoa mtoto, na wengine. Wameshajua. Hawamwombi abaki. Mzee anamwambia, "Nenda binti, una mama wewe," na akisema hivyo anamwangalia viatu, hamwangalii uso.

Tabibu hajui afanye nini. Kila saa ana jibu lingine.

Nataka uniambie wewe. Sitaki kinachopendeza kwenye sura, nataka unachofikiri wewe, ungekuwa umekaa naye jikoni. Na niambie pia, kwenye hayo mavitabu yako, wanaotoka mjini kwa ahadi ya kupewa njia huwa wanafika?

Nijibu kwa Breki safari hii hii. Ikisubiri ya pili itakuwa haina maana tena.

Dada yako


Jumapili, 2 Machi

Dada, dada, dada,

Nimesoma mara ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa, ya tatu nimesimama tena. Wewe ulikosea kazi. Sehemu moja umeteleza ukaandika "magari", nimekata nikaweka mikokoteni, usijali.

Jibu ni rahisi. Anabaki. LAZIMA ABAKI. Akipanda mkokoteni kitabu kimekufa pale pale, nani atamfuata tabibu aliyekimbia? Namwona kabisa: ameshakaa, mkoba mapajani, msafara unataka kuondoka, halafu anashuka mbele ya watu wote. Mkuu wake anaona haya. Vumbi. Yeye anageuka anarudi wodini bila kuangalia nyuma. Nimesisimka mpaka mikono.

Na kuhusu wanaotoka, nimekupatia kitu cha kweli, juzuu la A. Kulikuwa na mji unaitwa Alesia. Yulio Kaisari akauzungushia ukuta wake nje, halafu akajenga mwingine nje ya huo. Chakula kilipopungua, wenye mji wakawatoa wanawake, watoto na wazee. Wale watu wakatembea hadi kwa Warumi, wakaomba wapokewe hata kama watumwa, mradi wapewe chakula. Kaisari akaweka walinzi: asipite mtu. Mjini nako hawakurudishwa. Wakabaki pale katikati, huku ukuta, huku ukuta, mpaka wakaisha. Hilo lilitokea, Dada, Kaisari mwenyewe kaandika kwamba aliwakatalia, hata hakujaribu kulificha. Nalitumia lote. Msafara wangu utakwama hapo katikati, tabibu atauona kutoka juu ya ukuta, na kila msomaji atajua kwamba alichagua sawa.

Ulitaka ninachofikiri. Ndicho hicho, na nimekijibu kabla Breki hajamaliza chai yake.

Profesa


Ijumaa, 14 Machi

Dada,

Sina barua yako. Breki karudi, kasema hukuandika, kaangalia pembeni, kaenda kulala. Breki huwa haishiwi maneno, unamjua.

Halafu jana mtu akaingia kwa Mama kupunguziwa suruali. Mrefu, mwembamba, kiuno kakifunga kwa kipande cha bandeji. Mama akamzungushia tepu, akaniambia nimwandikie vipimo, mimi nikawa namtania, nikamwambia mzee hapo hatupunguzi, hapo tunashona upya. Akacheka kidogo. Akasema, "Wewe ndiye Profesa." Akasema yeye ni daktari mkuu wa hospitali yenu.

Mama hakutoa tepu kiunoni kwake. Akamuuliza, "Na binti yangu yuko gari lipi?"

"Hakuja, Mama."

"Nafasi hakupewa?"

"Alipewa. Alikaa. Baadaye akashuka."

"Kwa nini?"

"Sikumuuliza. Kusema kweli niliogopa kumuuliza."

Nikauliza safari ilikuwaje. Akasema hakuna aliyewagusa, si upande huu si upande ule. Gari moja lilipata pancha. Waliokuwa kwa miguu walifika jioni yake, wote. Wote, Dada.

Alipoondoka Mama akafunga mlango, mchana. Akaniuliza, "Tabibu ni nani?" Nikasema ni mhusika. Akauliza tena, "Tabibu ni nani?" kwa ile sauti yake ya nani kavunja glasi. Nikafungua mdomo kumweleza, na hapo ndipo nikasikia mwenyewe. Dirisha. Bandeji. Mkuu ambaye suruali inamdondoka. "Magari", nami nikakurekebisha.

Mama akasema, "Unasoma sana wewe, mwanangu, lakini unasoma maneno tu."

Ile sura nimeichana. Sijalala vizuri, na chakula hakipiti. Nakuomba kitu kimoja. Niambie barua yangu haikukukuta. Na kama kuna gari lingine lolote, hata la kubeba mkaa, panda. Mimi sijui chochote. Mimi natoa fotokopi.

Mdogo wako


Jumamosi, 22 Machi

Profesa wa watu,

Haya, pumua. Barua yako haikunikuta. Ilifika magari yameshaondoka, nikaisoma jioni nikiwa nimekaa kwenye ndoo. Nilishuka kwa sababu zangu. Na tangu lini mimi nikafuata ushauri wako? Wewe ndiye uliyetaka kuruka kutoka juu ya paa na mwavuli, nani alikushika mguu? Kwa hiyo usijipe ukubwa. Kula.

Nasikitika umeichana sura. Hapa wodini wanaidai. Nilikuwa nimewasomea kwenye barua yako mpaka pale tabibu anapokaa na mkoba mapajani. Mzee wa Goti ana maoni yake: anataka tabibu aolewe na mlinzi wa lango la kaskazini, ambaye kamtunga mwenyewe, na amekasirika kusikia kwamba msafara utakwama katikati. Anasema mwandishi ana roho mbaya. Na mimi naona hivyo. Wape njia wale watu. Walikuwa waoga tu, na mtu kuuawa kwa sababu ya uoga, hiyo si haki.

Sisi tunaendelea. Mvua imenyesha, tumepata maji ya kufulia. Mtoto aliyezaliwa kwa kisu ana sauti kuliko jenereta tuliyokuwa nayo.

Iandike upya. Msalimie Mama, mwambie nanenepa.

Dada yako


Jumamosi, 29 Machi

Kwako binti,

Naandika mimi Breki, maneno ni ya Mama yako, macho yake hayaoni tena ncha ya kalamu, cherehani anashona kwa mazoea. Yakiwa makali si yangu. Ananiambia niandike kila anachosema, hata pumzi.

Mwanangu, mdogo wako amepona. Tangu barua yako ije anakula, anapiga miluzi, amerudi kwa watu wake wa kale. Nimefurahi, na sikukuamini. Nilimwita huyu Breki nikamkalisha kwenye kiti cha wateja nikamuuliza: ile barua ulimpa lini?

(Hapa nasema mimi Breki. Nilijaribu kukwepa, binti. Nikasema sikumbuki. Mama yako alikuwa na mkasi mkononi, ule mkubwa wa kukatia makoti. Nisamehe.)

Ameniambia kwamba aliyakuta magari yananguruma. Kwamba alikupa dirishani, ukasoma, ukaikunja, ukamwomba akushikie chupa ya maji, ukashuka na mkoba. Huyu Breki anasema uso wako ulikuwa umetulia. Mimi nakujua, ukitulia ndiyo nahangaika.

Mdogo wako hajui. Breki kanyamaza, na mimi nimenyamaza, nampikia nikimwangalia anavyokula. Sikuulizi kwa hasira, mama. Nataka nijue mimi peke yangu. Ni yeye aliyekushusha?

Na lingine. Kwa nini ulimuuliza mtoto, hukuniuliza mimi?

Kama hutaki kujibu usijibu. Niandikie umekula nini, lakini safari hii useme kweli.

Mama yako

(Na mimi Breki nakusalimu. Barabara imekuwa mbaya. Sijui kama nitaleta unga tena baada ya huu.)


Jumapili, 6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia wewe peke yako. Breki akusomee, mlango ukiwa umefungwa.

Ndiyo, ilinikuta. Nilikuwa nimeshakaa, upande wa dirisha. Nilikuwa nakuja, Mama. Nataka hilo ulijue kabla ya mengine yote, nilikuwa nimeshaamua na nilikuwa nakuja nyumbani. Niliipokea barua ya huyu mtoto nikijua itanichekesha njiani.

Nikakuta habari za wale watu waliokwama kati ya kuta mbili. Nikaangalia nyuma. Wagonjwa wa kutembea walishajipanga mstari nyuma ya gari letu, mmoja kashika dripu yake mwenyewe juu ya kichwa. Nikaona kabisa jinsi tutakavyokwama nao katikati, sina maji, sina hata kitambaa. Halafu nikakuta "lazima abaki", ameandika kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka. Miguu ikashuka yenyewe.

Nilikuwa nimechoka kujiuliza. Nilitaka mtu yeyote aniamulie, na yeye akaniamulia. Angeandika "apande" ningebaki nimekaa pale pale na ningemshukuru vilevile.

Wewe sikukuuliza kwa sababu jibu lako nililijua, na nilijua nitalitii. Halafu kila siku ningekuangalia nikikumbuka nani nimemwacha. Sikutaka kukuangalia hivyo.

Simlaumu. Nilimfungia swali kwenye hadithi, akanijibu kwa hadithi. Lakini kuna saa namkasirikia, Mama, nikiwa nafua. Namkasirikia sana halafu inapita.

Mzee wa Goti amefariki Jumatano. Goti lilikuwa linaendelea vizuri, ilikuwa homa tu, ya dawa za kawaida kabisa ambazo hatuna. Kila nilipojiuliza kwa nini nilishuka, nilikuwa nalitaja jina lake kwanza. Sasa nimebaki na watu ambao baadhi hawanipendi hata kidogo, mmoja ananitukana kila nikimgeuza. Nabaki kwa ajili ya huyo anayenitukana. Ni ajabu, si kama ilivyo kwenye sura.

Ulitaka kujua nakula nini. Uji, bila kitu, mara moja.

Wanasema daraja litafungwa. Barua hii nampa dereva wa gari la msaada, huenda likawa la mwisho kupita. Usimwonyeshe mdogo wangu. Mwache amalize kitabu chake.

Mwanao


Jumamosi, 12 Aprili

Dada,

Breki hayupo. Lori lake limechukuliwa kwenye kizuizi, yeye kaachiwa viatu tu, kaenda kwao kupumzika. Barua yako kaileta dereva wa msaada, akasema ni ya Mama peke yake. Mama akakaa nayo mapajani asubuhi nzima. Wateja wakaja, akawaambia leo hashoni. Nilipotoka kazini akanipa. Akasema, "Soma."

Nikamwambia imeandikwa nje kwamba ni yako.

Akasema, "Nimechoka kukuangalia unakula. Soma."

Nimesoma kwa sauti, Dada, yote. Nilipofika pa miguu kushuka yenyewe nilitaka kuruka mstari, Mama akasema "rudi hapo", sijui kajuaje. Nikarudi. Nimesoma na pale pa kunikasirikia. Nimesoma mpaka "usimwonyeshe mdogo wangu". Halafu tukakaa. Hakuna aliyewasha taa, mpaka jirani akagonga kuuliza kama kuna msiba.

Kitabu nimekiweka juu ya kabati. Sikukichana, kuchana ni kelele nyingine tu. Nilikuwa najua kuta zote za dunia na urefu wake, Dada, najua nani alizijenga. Watu waliokuwa kati ya kuta mbili niliwaandikia mistari michache nikapata kusisimka. Sikuwahi kufikiri kwamba mmoja wao alikuwa na dada, au mdogo, aliyekuwa mahali fulani anakunywa chai.

Siombi uniambie kwamba si kosa langu. Ulishaniambia mara moja, nilikula vizuri sana.

Sasa nakujibu wewe, kama tungekuwa tumekaa jikoni. Njoo nyumbani. Ukipata gari, punda, mtu anayejua njia ya porini, njoo. Huyo anayekutukana atakutukana ukiwa hupo, ataishi au hataishi, na mimi sijali, naandika hivi nikiwa na akili zangu timamu. Hilo silo jibu zuri. Halina vumbi wala watu wa kuangalia. Ndilo ninalofikiri, na ningelifikiria tangu mwanzo kama ningekuwa nimekusikiliza.

Na kama umekaa hapo ukasoma hii ukaona kwamba hapana, unabaki, basi ubaki kwa amri yako. Usibaki kwa kalamu yangu. Nimeifuta.

Dereva wa msaada anasema atajaribu Jumanne kama daraja litakuwa wazi. Ameniambia nisiweke matumaini. Nimemwambia nitakuja kumuuliza kila siku, akasema hilo ameshaliona.

Mama anasema nikuandikie hili kwa maneno yake: ukifika, humu ndani hakuna atakayekuuliza umewaacha akina nani. Hata mimi mama yako. Utaoga, utakula, utalala, na mimi mdogo wako nitakaa nje ya mlango wa chumba chako, nimenyamaza.

Mdogo wako